Mtakatifu Andrea Kaggwa: Jina la Kiume na Mkono wa Mwalimu



Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni, Mama Kanisa anapowaadhimisha Mashahidi wa Uganda, midomo yetu huwa myepesi kumtaja Mtakatifu Karoli Lwanga na kijana Kizito. Majina yao yamepewa parokia, vigango, shule na kwaya nyingi nchini mwetu, nao wanastahili heshima hiyo. Lakini siku nane kabla ya moto wa Namugongo, mahali paitwapo Munyonyo, karibu na ufuko wa Ziwa Nyanza, aliuawa mtu mwingine aliyekuwa mwalimu wa wengi. Alikuwa mume wa mke mmoja, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, na katekista asiyelipwa. Huyo ni Mtakatifu Andrea Kaggwa, aliyeuawa tarehe 26 Mei 1886.

Tunapenda kuyatafakari maisha yake tukianzia kwenye jina alilopewa siku ya ubatizo. Katika familia zetu hapa Dodoma, na katika nyanda zote za kati kuanzia Mpwapwa hadi Kondoa na Singida, Andrea ni jina la kawaida kabisa. Wapo akina babu Andrea, walimu Andrea, na watoto wachanga wanaoletwa kwenye kisima cha ubatizo kuitwa hivyohivyo. Hata hivyo, mzazi akiulizwa maana ya jina hilo, mara nyingi hujibu kwamba ni la babu yake mtoto, au kwamba limewapendeza. Si jibu baya, kwa kuwa kumkumbuka babu ni jambo jema. Lakini jina la ubatizo hubeba zaidi ya hayo, na maisha ya Andrea Kaggwa yanatuonesha ni kiasi gani.

Asili na maana ya jina

Andrea ni jina la Kigiriki. Limetokana na neno linalomaanisha mwanaume, yaani mtu mume aliyekomaa, tofauti na neno lile jingine la Kigiriki linalotaja binadamu yeyote. Kutokana na shina hilohilo Wagiriki waliunda neno andreia, ambalo kwao lilikuwa jina la fadhila ya ushujaa, uthabiti wa moyo mbele ya hatari. Wanafalsafa wao waliihesabu fadhila hiyo miongoni mwa zile nne kuu, na Kanisa limeipokea katika mafundisho yake pamoja na busara, haki na kiasi. Kwa hiyo anayeitwa Andrea huitwa mwanaume, na huitwa jasiri.

Ni ajabu kidogo kwamba jina hili liliingia katika historia ya wokovu kupitia mvuvi Myahudi wa Bethsaida. Ndugu yake aliitwa Simoni, jina la Kiyahudi, lakini yeye alikuwa na jina la Kigiriki, kama alivyokuwa nalo Filipo, mtu wa mji uleule, ambaye jina lake maana yake ni mpenda farasi. Galilaya ilikuwa nchi ya mchanganyiko wa watu na lugha, na wazazi Wayahudi waliweza kumpa mtoto wao jina la Kigiriki pasipo kuona haya.

Mtume Andrea anavyosimuliwa katika Injili ya Yohane hatoi hotuba ndefu. Kila anapotajwa, huwa amemshika mtu mkono na kumpeleka kwa Yesu. Kwanza alimpeleka ndugu yake Simoni. Kisha, mbele ya umati wenye njaa, ni yeye aliyemwonesha Bwana yule mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Mwishoni, Wagiriki walipotaka kumwona Yesu, walimwendea Filipo, naye Filipo akamwendea Andrea, nao wawili wakaenda kumwambia Bwana. Huo ndio uanaume wa Mtume Andrea: kuwafikisha wengine mahali ambapo yeye amekwisha kufika. Mapokeo yanasema alimaliza safari yake msalabani huko Patras, katika nchi ya Wagiriki waliolipa ulimwengu jina lake.

Mtume Paulo naye alilitumia shina hilohilo alipoufunga waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, katika sura ya 16, aya ya 13. Aliwataka wakeshe, wasimame imara katika imani, na wawe watu wa kiume. Wafasiri wa Biblia kwa Kiswahili hawakupata shida hapo, kwa sababu lugha yetu nayo hulitoa neno la ushujaa katika shina la mume. Lakini Paulo hakuishia hapo. Aya inayofuata yadai kwamba mambo yote yatendeke katika upendo. Anayesoma aya ya kwanza na kuiruka ya pili hujipatia uanaume usio wa Kikristo.

Jina lililopita Ugogo kwa miguu

Jina la mvuvi wa Galilaya lilifikaje kwa mpiga ngoma wa Buganda? Sehemu ya njia yake ilipita katika ardhi yetu hii.

Mwaka 1878 kundi la kwanza la Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa huko Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, liliondoka pwani ya Bagamoyo kuelekea bara. Waliokusudia kwenda kwenye Ziwa Nyanza walikuwa mapadre Léon Livinhac, Siméon Lourdel, Ludovic Girault na Léon Barbot, pamoja na Bruda Amans. Wenzao walielekea Ziwa Tanganyika chini ya Padre Joachim Pascal. Siku hizo mji wa Dodoma ulikuwa haujajengwa, na reli ilikuwa haijawazwa. Njia ya misafara ilipita Mpwapwa, ikakatiza Ugogo na mapori makavu yaliyokuwa mbele yake, hadi Tabora. Watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka kupita na kunywa maji ya visima vyao, wala hapana anayewashangaa miongoni mwetu tunaojua thamani ya maji katika nchi hii. Wamisionari hao walitembea juani wakiwa na homa, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo yao kichwani na mabegani. Padre Pascal hakufika mbali. Alifariki njiani mwezi Agosti 1878, katika mapori ya nchi hii ya kati, kabla msafara haujafika Tabora.

Tarehe 17 Februari 1879, Padre Lourdel na Bruda Amans waliteremka kwenye mtumbwi katika pwani ya Buganda, na wenzao wakafuata baadaye. Ndugu zetu Waanglikana walikuwa wametangulia kidogo, na dini ya Kiislamu ilikuwa imefika zamani zaidi. Katika ikulu ya Kabaka Muteesa dini hizo zote zilisikilizwa, zikapimwa na kushindanishwa, na vijana watumishi wa ikulu wakawa wa kwanza kuuliza maswali. Mmoja wao alikuwa Kaggwa.

Mtoto wa mateka

Kaggwa hakuwa Mganda kwa kuzaliwa. Alizaliwa Bunyoro, yapata mwaka 1856, na akiwa mtoto alitekwa na wavamizi wa Buganda. Alitenganishwa na wazazi, lugha na ukoo wake, akapelekwa katika nchi ya adui kama sehemu ya nyara. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa sura nzuri na mwepesi wa kuelewa, alichaguliwa kuwa miongoni mwa vijana wa kumtumikia Kabaka.

Tusipite hapo haraka. Katika mila za makabila yetu, mvulana huwa mwanaume kwa kupitia mikono ya wazee wake. Hutiwa jando, hufundishwa, hukabidhiwa ng'ombe, huoneshwa mipaka ya ukoo. Mtoto wa mateka hana mzee wa kumfanyia hayo. Hana baba wa kumlipia mahari wala mjomba wa kumtetea barazani. Maisha yake hutegemea hali ya moyo wa bwana wake asubuhi hiyo. Kibinadamu, Kaggwa alikuwa mtu aliyenyang'anywa uanaume kabla hajaufikia.

Hata hivyo alipanda cheo kwa bidii yake. Alijifunza muziki, na hasa upigaji wa ngoma, akawa stadi. Urafiki ulizaliwa kati yake na mwana wa mfalme aitwaye Mwanga, na huyo alipotawazwa alimweka kuwa mkuu wa wapiga ngoma wake. Haikuwa kazi ndogo. Katika falme za Maziwa Makuu ngoma ilikuwa sauti ya enzi yenyewe. Aliyesimamia ngoma za Kabaka alikuwa karibu naye katika safari, mawindo na sherehe, na watu wote walimjua.

Ubatizo, na miaka mitatu bila padre

Kaggwa alijiandikisha kwa wamisionari akawa mkatekumeni. Tarehe 30 Aprili 1882 alibatizwa, naye akaitwa Andrea. Siku hiyo alibatizwa pia Yosefu Mukasa Balikuddembe, kijana wa ikulu ambaye baadaye angemtangulia katika kifodini.

Hatudai kwamba Kaggwa alikijua Kigiriki, wala kwamba alilipima jina lake kama tulivyofanya hapo juu. Tunachoona ni kwamba mtoto wa mateka, aliyekosa mzee wa kumtia jando, alipewa na Kanisa jina ambalo maana yake ni mwanaume. Mungu Baba alimpatia kile ambacho vita vilimnyang'anya.

Uthabiti wa jina hilo ulijaribiwa mapema. Mwezi Novemba mwaka uleule, miezi saba tu baada ya ubatizo wake, wamisionari walilazimika kuondoka Buganda kwa sababu ya hali ya hatari ikulu. Walivuka ziwa kuja upande wa kusini, wakaweka makao huko Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo. Hawakurudi hadi Julai 1885. Kwa muda usiopungua miaka miwili na nusu Kanisa changa la Buganda lilibaki bila Misa, bila kitubio, bila padre hata mmoja.

Kibinadamu, Kanisa hilo lilipaswa kufa, lakini badala yake lilikua. Ndani ya ikulu Yosefu Mukasa aliwaongoza vijana watumishi. Katika eneo la Mityana, Mathias Mulumba na Luka Banabakintu waliwakusanya waamini na wakatekumeni. Na karibu na makao ya Kabaka, nyumba ya Andrea Kaggwa ikawa shule, kanisa na kimbilio. Alifundisha sala na katekisimu, aliwatembelea wagonjwa, na waliokuwa katika hatari ya kufa aliwabatiza. Wamisionari waliporudi walikuta wakatekumeni wengi kuliko walivyowaacha.

Wenye vigango vya mbali katika jimbo letu wataielewa habari hii vizuri kuliko sisi tunaoandika. Wanajua maana ya kungoja padre kwa wiki nyingi, wakati barabara imekatika kwa mvua au paroko ana vigango kumi na zaidi vya kuhudumia. Wanajua pia nani hufungua mlango wa kanisa Jumapili, nani huongoza ibada, nani huwaandaa watoto wa Komunyo ya Kwanza, na nani huitwa usiku kwenda kumsalia mgonjwa. Ni katekista. Kanisa la Buganda liliokolewa na makatekista, na Andrea alikuwa mmoja wa viongozi wao.

Nyumba ya mtu mwenye cheo

Andrea alifunga ndoa ya Kikristo na Klara Batudde. Katika jamii aliyoishi, mkubwa wa ikulu alipimwa kwa wingi wa wake zake, na mtu wa cheo chake asingeulizwa swali lolote kama angekuwa nao wengi. Andrea alibaki na mke mmoja. Kwa watu waliomzunguka huenda hilo lilikuwa fundisho kubwa kuliko mahubiri, maana lilionekana kila siku na halikuhitaji kufafanuliwa.

Wapiga ngoma waliokuwa chini yake wengine waliipokea imani. Mmoja wao, Yakobo Buzabaliawo, alikuja kuuawa kwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na leo ni mtakatifu kama mwalimu wake. Tunaona hapa jambo la kupendeza. Andrea hakuiacha kazi yake ili amtumikie Mungu, wala hakumsahau Mungu ili aitunze kazi yake. Wale aliowafundisha kupiga ngoma ndio haohao aliowafundisha kusali.

Lakini wanafunzi wake hawakuwa wapiga ngoma peke yao. Miongoni mwa waliokuja kujifunza kwake walikuwamo watoto wa Katikiro, yaani waziri mkuu wa Kabaka, mtu mwenye nguvu kuliko wote baada ya mfalme. Hapo ndipo ghadhabu ilipoanzia. Katikiro aliona watoto wake mwenyewe wakivutwa na mafundisho ya mtu ambaye, kwa asili yake, alikuwa mateka wa Kinyoro. Aliona pia kwamba Kabaka anampenda mtu huyo, na kwamba mapenzi ya mfalme huweza kumpandisha mtu hadi kwenye kiti cha mwingine. Chuki ya dini na hofu ya kupoteza cheo zikakutana katika moyo mmoja.

Siku mbili za Mei

Kabaka Muteesa alifariki Oktoba 1884, na Mwanga akatawala akiwa kijana bado. Mwanzoni aliwapenda Wakristo, na ni yeye aliyewaruhusu mapadre warudi. Baadaye moyo wake uligeuka. Aliogopa wageni kutoka pwani na habari za nchi zilizokuwa zikitwaliwa na Wazungu, na alichukizwa na vijana wa ikulu ambao, kwa sababu ya imani yao, walikataa kutimiza matakwa yake maovu. Oktoba 1885 Askofu wa Kianglikana James Hannington aliuawa huko Busoga akiwa njiani kwenda Buganda. Tarehe 15 Novemba mwaka huo Yosefu Mukasa, aliyethubutu kumkemea Kabaka kwa mauaji hayo, akauawa pia. Andrea alimpoteza aliyebatizwa naye siku moja. Alijua wazi zamu inakoelekea, lakini aliendelea kufundisha.

Tarehe 25 Mei 1886 Kabaka alirudi Munyonyo kutoka kuwinda viboko, mawindo yakiwa mabaya na hasira ikiwa juu. Aligundua kwamba kijana Dionizi Ssebuggwawo amekuwa akimfundisha dini mwana wa Katikiro aliyekuwa akitumikia ikulu. Alimchoma kwa mkuki, na kesho yake asubuhi kijana huyo akamaliziwa na wauaji. Asubuhi hiyo ya tarehe 26 Kabaka aliwakusanya vijana watumishi, akawataka wanaosali wajitenge na wengine, nao wakajitenga wakiongozwa na Karoli Lwanga. Padre Lourdel alikimbilia Munyonyo kuwaombea, lakini hakusikilizwa, akabaki kuwatazama wakipelekwa wamefungwa kamba.

Habari hizo zilimfikia Andrea nyumbani kwake. Angeweza kukimbia, lakini hakuondoka.

Katikiro alimwendea Kabaka, akadai Andrea naye auawe, kwa kuwa ndiye mwalimu wa hao wote. Mwanga alisita. Huyu alikuwa rafiki yake wa ujana, mtu aliyemwamini. Lakini mfalme alikuwa dhaifu mbele ya waziri wake, mwishowe akamtoa. Askari walikwenda kumkamata Andrea, wakamfunga, wakamleta mbele ya Katikiro. Huyo alimshitaki kwamba amewafundisha watoto wake dini. Andrea hakukana wala hakujitetea kwa maneno mengi. Alikiri kwamba amewafundisha.

Katikiro alimkabidhi kwa wauaji. Alihofu Kabaka asije akabadili mawazo, hivyo akaapa kwamba hatakula chakula mpaka aletewe mkono wa Andrea kuwa ushahidi wa kifo chake. Wauaji wenyewe walisitasita, kwa kuwa walimjua mtu huyo na kuyajua mapenzi ya mfalme kwake. Masimulizi ya mashahidi yanasema kwamba ni Andrea aliyewahimiza watimize walichoagizwa, wasije wakaadhibiwa kwa kuchelewa, na Katikiro asikae na njaa. Walimpeleka kando kidogo, wakamkata mkono na kichwa, na mkono ule ukapelekwa kwa aliyeuagiza. Ilikuwa alasiri. Andrea alikuwa na umri wa miaka 30 hivi.

Waziri aliagiza mkono, na bila kujua alichagua vizuri. Ule ndio mkono uliopiga ngoma za Kabaka. Ndio uliomwagia maji ya ubatizo wagonjwa waliokaribia kufa, na kuwaonesha watoto wa Katikiro mwenyewe jinsi ya kufanya ishara ya msalaba. Aliudhani kuwa ushahidi wa ushindi wake, na Kanisa likaupokea kuwa ushahidi wa mwalimu.

Majina yaliyotimia

Ukiitazama orodha ya Mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda, utaona kwamba Andrea hakuwa peke yake mwenye jina la Kigiriki. Yumo Athanasi Bazzekuketta, ambaye jina lake lamaanisha asiyekufa, naye aliuawa njiani siku moja tu baada ya Andrea. Yumo Ambrozi Kibuuka, ambaye jina lake lina maana ileile ya kutokufa, naye aliteketezwa kwa moto. Yumo Anatoli Kiriggwajjo, ambaye jina lake limetokana na neno la mawio ya jua, na Dionizi aliyechomwa mkuki, ambaye jina lake asili yake ni la mungu wa mvinyo wa Wagiriki, lakini Mwareopago aliyemwamini Kristo kwa mahubiri ya Paulo kule Athene alikuwa amekwisha kulitakasa.

Anayesoma majina hayo bila imani ataona dhihaka: wasiokufa wawili wameuawa, na mawio ya jua yamezimwa. Kanisa halisomi hivyo. Tarehe 6 Juni 1920 Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza kuwa wenye heri, na tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Papa Paulo wa 6 aliwatangaza kuwa watakatifu, akiwakumbuka pia ndugu Waanglikana waliouawa kwa ajili ya Kristo katika dhuluma hiyohiyo. Tarehe 27 Novemba 2015 Papa Fransisko alifika Munyonyo, mahali pa kifodini cha Andrea, na kundi alilokutana nalo hapo lilikuwa la makatekista na walimu. Haikuwa kwa bahati. Nchini Uganda Mtakatifu Andrea Kaggwa ndiye msimamizi wao.

Kwa ajili yetu sisi wa nyanda za kati

Kanisa kuu la jimbo letu limewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Paulo wa Msalaba, na mapadre Wapasionisti kutoka Italia waliolihudumia eneo hili tangu miaka ya 1930 walilitamka jina la Andrea kama sisi tunavyolitamka. Tunaona mambo matatu ya kujiuliza mbele ya mtakatifu huyu.

La kwanza lawahusu wazazi na wasimamizi. Sheria za Kanisa, katika kanuni ya 855, zinawaagiza wazazi, wasimamizi na paroko waangalie mtoto asipewe jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Mengi tunayoyaona siku hizi si kinyume na ukristo, ila ni matupu, yamechukuliwa kwa sababu ya mlio wake. Mtoto akikua na kuuliza kwa nini anaitwa hivi, apate jibu. Akiitwa Andrea, aambiwe habari za mvuvi wa Bethsaida na mpiga ngoma wa Munyonyo, na siku ya somo wake ikumbukwe nyumbani, hata kama ni kwa sala fupi kabla ya ugali wa jioni.

La pili lawahusu wanaume. Tukubali ukweli kwamba katika jumuiya nyingi ndogondogo wanaosali ni akina mama na watoto. Baba yupo, ila yuko nje chini ya mti, akingoja sala ziishe. Wapo wanaoona kwamba kusali na kufundisha watoto ni kazi ya kike, na kwamba uanaume ni sauti kubwa, ni mali, au ni kutoulizwa unakotoka usiku. Mtakatifu wetu aliitwa mwanaume kwa jina, na alikuwa na cheo, sifa na urafiki wa mfalme. Uanaume wake ulionekana katika mambo gani? Alibaki na mke mmoja, alifundisha watoto wa wenzake, aliingia kwa wagonjwa ambao wengine waliwakimbia, na alipoulizwa alichokifanya hakukana. Baba anayekaa na watoto wake jioni na kuwafundisha Baba Yetu hapunguziwi heshima kwa hilo. Anafanya kazi iliyomgharimu Andrea mkono wake.

La tatu lawahusu makatekista wetu, na sisi tunaohudumiwa nao. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliianzisha rasmi huduma ya katekista katika Kanisa zima. Ni heshima kubwa, lakini heshima ya karatasini haitoshi. Katekista wa kigango hulima kama wengine, na mvua ikikosa naye hukosa kama wengine. Hata hivyo, Jumapili inampasa kuwa wa kwanza kufika. Tujiulize jumuiya yetu inamsaidiaje: jembe lake, baiskeli yake, ada ya watoto wake. Andrea Kaggwa alikuwa na cheo cha kumlisha. Wengi wa makatekista wetu hawana.

Tarehe 26 Mei itakapowadia, tunawaalika wote wenye jina la Andrea, wapiga ngoma wa kwaya zetu, walimu na makatekista, wafike kanisani wakaombe kwa ajili ya neema ileile: kusimama imara, na kuyatenda yote katika upendo.

Mtakatifu Andrea Kaggwa, mwalimu na shahidi, utuombee.